Neno "Anadhani"

Kwa miaka saba nilipata riziki kwa kusema maneno ya watu wengine. Nilikuwa mkalimani wa daktari mmoja Mzungu aliyetibu wagonjwa wa akili katikati ya Nairobi, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa, katika mtaa wa maduka ya Wahindi. Mgonjwa alisema kwa Kiluhya au kwa Kiswahili, mimi nikasema kwa Kiingereza, daktari akajibu, nami nikamrudishia mgonjwa jibu lake. Watu wa kwetu waliponiona na tai shingoni walinidhania kuwa daktari mdogo. Sikuwakosoa hata siku moja. Kama kuna kitu nilichokipenda wakati ule kuliko mke wangu na dini yangu, kilikuwa ni kudhaniwa mkubwa.

Daktari mwenyewe sitamsema vibaya, ingawa ningefurahi sana kupata mtu wa kumlaumu. Alikuwa mpole, koti lake limechakaa viwikoni, na hakuwahi kuniita boi. Nyuma ya kiti chake palikuwa na kabati la vitabu vya masimulizi ya kale, ya Wayunani na ya Wamisri na ya watu wa visiwa ambavyo sikujua viko wapi. Aliamini kwamba mtu haugui akili kwa sababu ya kichwa kibovu tu. Huugua kwa sababu ametupwa nje ya hadithi aliyokuwa akiishi ndani yake. Kila taifa, alisema, lina masimulizi yake ya mtu wa kwanza, ya aliyepotea, ya aliyeshuka kuzimu akarudi, na kwa hayo mtu hujua amefika wapi: kama anaondoka, kama anarudi, kama zamu yake ya kuteseka ndiyo kwanza imeanza au inakaribia kwisha. Mtu akishajua yuko sehemu gani, anaweza kuvumilia karibu kila kitu.

Nilikuwa nikimsikiliza huku nikiitikia kwa kichwa, kisha nikirudi Kangemi nilikopanga chumba, nikamwambia mke wangu kwamba Wazungu wakikosa kazi hurudia ngano za bibi. Lakini daktari alipotaka ngano za kwetu nilimletea. Nilizisafisha kwanza. Nilitoa damu, nikatoa pombe, nikatoa mambo ya kutema mate na kumwita marehemu kwa jina, nikambakishia sungura na fisi na chanzo cha mvua. Yeye aliandika yote kwa furaha. Nilikuwa Mkristo, nikitarajiwa kuwa mzee wa kanisa mwaka uliofuata, na sikutaka Mzungu afikiri kwamba mkalimani wake ametoka gizani juzi.

Kazi ile ilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo niliianzisha mwenyewe. Wagonjwa wetu walisema mambo mazito. Mmoja alisema ana nyoka tumboni. Mwingine alisema gari moshi linamwita jina. Siku za mwanzo nilitafsiri hivyo hivyo, "Ana nyoka tumboni," na ulimi wangu uliona aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyemeza nyoka. Basi nikaanza kutanguliza neno dogo. "Anadhani ana nyoka tumboni." "Anadhani gari moshi linamwita." Kwa Kiingereza ni maneno mawili mafupi, hayachukui hata pumzi. Yaliniweka upande wa daktari, mbali na nyoka. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nikiyatia kila mahali bila kufikiri, kama mpishi anayetia chumvi kabla ya kuonja.

Sasa nije kwa kaka yangu, maana hadithi hii ni yake, mimi nimeiharibu tu.

Tulizaliwa wawili kwa mama yetu, yeye mbele mimi nyuma. Vita vya Wazungu vilipoanza alichukuliwa jeshini akapelekwa Bama, ng'ambo ya bahari. Vita vikaisha, vijana wa kijiji wakarudi na makoti yao marefu, yeye hakurudi. Mmoja wao alisema alimwona akichukuliwa na maji ya mto, na akalia aliposema hivyo, kwa hiyo tuliamini. Hata hivyo mama alikataa. Kila jioni alibakisha ugali kidogo chunguni. Mwaka ukapita, na wa pili.

Tabu ni kwamba nilikuwa na haraka ya kuoa. Kwetu mdogo hampiti mkubwa. Ikiwa mkubwa yuko hai na hajaoa, mdogo hungoja. Ikiwa amekufa, hana budi kulazwa chini kwanza ndipo njia ifunguke. Nilikuwa nimeshapata msichana, wazazi wake wameshakubali, na ilikuwa kana kwamba kaka yangu amesimama mlangoni mwa nyumba yangu, hafi wala haji. Nilienda kwa wazee nikasema, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba mama anateseka kwa kungoja na kwamba ni afadhali tumpe marehemu heshima yake. Sikutaja harusi. Hawakuwa watoto, walielewa.

Mtu wa kwetu akifia asikojulikana, mwili wake usipatikane, huzikwa mgomba badala yake. Hukatwa shina la urefu wa mtu, likavikwa nguo yake, likaliliwa, likashushwa kaburini, na tangu hapo marehemu ana mahali pake na hatangatangi. Shina nililikata mimi. Nililivika shati lake la Jumapili, lile aliloliacha kwenye kamba siku aliyoondoka. Nililishusha mimi, maana ndugu ndiye hushusha. Mama hakulia. Aliingia ndani akaosha chungu kile cha ugali wa kubakiza, akakifunika kifudifudi. Miezi mitatu baadaye nikaoa, tena kanisani, kwa kinanda.

Mwaka wa nne baada ya hapo kaka yangu akarudi.

Hakuwa ameanguka mtoni. Alikuwa ameugua sana ng'ambo, akaletwa hadi pwani, akatoka hospitali akaingia mashamba ya mkonge Tanganyika kwa sababu aliona haya kurudi mikono mitupu. Kuandika hakujua, na kuandikiwa na mtu mwingine hakutaka. Hayo alinisimulia baadaye. Siku hiyo alifika uani kwetu saa za asubuhi, begi la jeshi begani, na mama alipomwona akapiga yowe, akachota majivu jikoni akayamwaga katikati yao. Si kwamba hakumjua. Alimjua vizuri mno. Lakini aliyezikwa hapiti mlangoni kama mgeni aliyetoka sokoni, atawavuta wengine kaburini.

Dawa ipo, na ni kazi ya asubuhi moja. Wazee walimweleza kaka yangu, akakubali bila ubishi, akakaa nje ya ua. Aliyemlaza ndiye anayemwamsha, hiyo ndiyo sheria yake. Yule aliyeshusha mgomba lazima aje, aufukue, autupe mtoni, amwite ndugu yake kwa jina mara tatu, amshike mkono amwingize nyumbani kwa tundu lililotobolewa kwenye ukuta wa nyuma. Ananyolewa. Anapewa uji kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Basi, yuko hai, na hakuna atakayemwuliza tena. Aliyemlaza nilikuwa mimi, nami nilikuwa Nairobi nimefunga tai.

Barua ilinifikia. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za kazini, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa furaha. Naandika hivi kwa sababu sina tena wa kumficha. Kaka yangu yu hai, na mimi niliona haya, kwa sababu kufukua mgomba ule ni kusema mbele ya kijiji kizima kwa nini uliwahi kufukiwa. Pia kulikuwa na mchungaji wetu, ambaye alikuwa amemtoa mtu kanisani kwa jambo dogo kuliko hilo. Nikajibu kwamba hayo ni mambo ya giza, kwamba kaka aingie kwa mlango kama mwanadamu, kwamba Mungu hajui migomba. Barua nzuri sana. Mwalimu wa kijiji aliisoma mbele ya wazee, nao wakatawanyika.

Kaka yangu alikaa nje ya ua ule siku tisa. Mama alimsogezea chakula kwa fimbo ndefu. Siku ya kumi akaja Nairobi.

Nilimtafutia kazi ya bustani Woodley, kwenye nyumba za baraza la jiji, kwa mama mmoja wa Kizungu ambaye mumewe alikuwa karani mkubwa serikalini. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, Wakikuyu wengi wamekamatwa au wamerudishwa makwao kwa nguvu, na kazi zao zimebaki wazi. Chumba cha nyuma alichopewa kilikuwa bado na kofia ya mtunza bustani wa kwanza imetundikwa kwenye msumari. Kaka yangu hakuiondoa. Alisema mwenyewe anaweza kurudi, na si vizuri mtu kurudi akakuta vitu vyake vimegawanywa.

Jumapili baada ya ibada nilitoka Kangemi kwa miguu, nikapitia Riruta, nikaonyesha pasi yangu kwa askari mara mbili au tatu, nikafika Woodley kumwamkia. Tuliketi nje ya chumba chake, yeye kwenye debe, mimi kwenye kiti. Kila mara, tukishaulizana habari, aliniambia maneno yale yale, kwa upole, kama mtu anayekumbusha mwenzake kuhusu jembe aliloazima.

"Mdogo wangu, utapata likizo lini?"

"Kazi ni nyingi, kaka."

"Ni asubuhi moja tu."

"Nitaona."

Miaka mitatu nilikuwa nikiona. Mwaka wa kwanza alikuwa akicheka nilipomtania kuhusu maua yake. Wa pili akaacha kula na watumishi wenzake, akisema si vizuri mtu kama yeye kutia mkono kwenye sahani ya watu wenye watoto. Wa tatu akaacha kusalimiana kwa mkono. Mama mwenye nyumba akamwuliza kama ana ugonjwa, akamjibu kwa Kiswahili cha jeshini, wazi kabisa: "Mimi walinizika, memsahib. Nyumbani. Kitambo." Yule mama hakulala siku mbili. Alinitumia habari kwamba ndugu yangu aende kwa daktari au aende zake.

Na daktari nilikuwa naye. Nilijiambia ni bahati.

Siku hiyo kaka yangu alivaa koti lake la jeshi, akaketi kwenye kile kiti ambacho nilikuwa nimeona watu mia wakikikalia. Daktari hakujua kwamba ni ndugu yangu. Nilimwambia tunatoka sehemu moja, na hilo halikuwa uongo. Daktari akauliza kwa sauti yake ya taratibu: nini kinakusumbua? Nikatafsiri. Kaka yangu akanitazama mimi, si daktari, akajibu kwa lugha ya mama yetu.

"Mwambie nilizikwa, nangojea kuamshwa."

Neno kwa neno hiyo ilikuwa kweli tupu. Alizikwa. Kulikuwa na kaburi, kulikuwa na siku, kulikuwa na mzishi, na mzishi alikuwa chumbani humo na kalamu mfukoni. Na daktari aliyekuwa mbele yetu, katika Wazungu wote wa Nairobi, ndiye pekee ambaye angeinuka kitini kwa kusikia jambo hilo. Alikuwa akilitafuta kabatini mwake kila siku. Ilitosha niseme sentensi tatu.

"Anadhani alizikwa," nikasema. "Anadhani amekufa."

Daktari akainamisha kichwa akaandika.

Walimlaza kwanza, wiki sita, mahali pa kulaza watu wa namna hiyo. Alipotoka akawa anakuja kliniki kila Alhamisi. Daktari alikuwa na subira kubwa naye. Alimwambia ashike kifundo cha mkono wake asikie damu ikipiga. Alimwekea kioo puani akaona mvuke. Alimwuliza: wafu hutoa jasho? Wafu husikia njaa? Maswali yote hayo yalipita kinywani mwangu. Mimi ndiye niliyemwambia kaka yangu, Alhamisi baada ya Alhamisi, kwa lugha ambayo mama yetu alitubembelezea, "Hukuzikwa. Hakuna siku uliyozikwa." Naye alishika mkono wake, akatazama kioo, akajibu kwa adabu kwamba anaona, damu inapiga, hilo hakulikataa kamwe. Kisha akanigeukia kungoja.

Nilielewa anangoja nini. Alidhani ni mzaha wa kazi, kwamba mbele ya Mzungu lazima niseme hivi, na kwamba mlango ukifungwa nitasema vingine. Nje, kwenye ngazi, nilimuaga haraka nikarudi juu.

Alhamisi ya saba aliniuliza moja kwa moja. Daktari alikuwa akijaza kiko chake.

"Mdogo wangu, wewe ulikuwepo. Ulishusha wewe. Nilizikwa, sikuzikwa?"

Nilisikia baiskeli na watu wakiuziana vitambaa chini barabarani. Akilini nilimwona mchungaji wetu. Niliona orodha ya wazee wapya wa kanisa, jina langu la pili kutoka juu.

"Hakuna aliyezikwa," nikamwambia.

"Anasema nini?" daktari akauliza.

"Anauliza kama tumemaliza."

Kaka yangu akashika kifundo cha mkono wake. Halafu akasema kwa Kiswahili, ili daktari naye asikie, "Basi. Sikuzikwa." Kiswahili kidogo kama hicho daktari alikielewa bila msaada wangu. Alifurahi, akaja akamshika mkono, na kaka yangu akampa mkono wake, mara ya kwanza kumpa mtu mkono kwa muda wa mwaka mzima. Kwenye faili akaandika kwamba mgonjwa amepona. Nilipiga mhuri mwenyewe.

Jumapili hiyo hakuniuliza habari za likizo. Wala iliyofuata. Nilijiambia, unaona, Mungu ni mwema.

Chini ya kliniki, kando ya duka la vitambaa, palikuwa na kibanda cha mwalimu mmoja wa Kiislamu kutoka Mombasa. Asubuhi aliuza kofia na vitabu, alasiri alisomesha watoto kwenye madrasa ya jirani. Tulikuwa tukila mchana pamoja kwenye benchi lake, na kazi yake kubwa ilikuwa kunicheka Kiswahili changu. "Bwana mkalimani," alikuwa akisema, "siku utakayopatanisha nomino na kivumishi nitachinja mbuzi." Mchana mmoja, sijui kwa nini, nilimweleza habari za kaka yangu. Nadhani nilitaka mtu wa dini nyingine aniambie nilifanya vyema. Nilimsimulia yote, na mgomba pia, kama jambo lililopita na kwisha.

Hakucheka. Alifunga karatasi ya sambusa zake polepole.

"Ndugu yako alisemaje pale mwanzo? Nitajie maneno yake, si yako."

"Alisema, nilizikwa."

"Nawe ukasema?"

"Anadhani alizikwa."

"Hilo 'anadhani' ni lako au lake?"

Nikamweleza kwamba ni desturi ya kazi, kwamba humsaidia daktari, kwamba hata mahakamani hufanywa hivyo. Aliniacha nikaendelea mpaka nikachoka.

"Wazee wetu walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," akasema. "Mimi hayo ya mgomba si dini yangu, na sitakwambia ni haki au si haki. Lakini mtu alikuwa na ufa mmoja wa kutokea, wewe ukauziba, ukamwita mzima. Maiti wa kwenu ana njia ya kurudi. Mwendawazimu aliyepona anarudi wapi?"

Nilikasirika. Nilimwambia ashughulike na kofia zake. Nilipanda ngazi, nikakaa mezani, na mgonjwa wa saa nane alipoanza kusema sikuweza kutafsiri. Kila alichosema kilikuja na lile neno mbele, na kila nilipolitoa sikujua tena ni nani anayesema.

Siku hiyo daktari alipokuwa akivaa koti kwenda nyumbani nilimwambia ukweli. Kwamba yule ni kaka yangu. Kwamba kaburi lipo. Kwamba kuna njia ya kumtoa, na mwenye kuifanya ni mimi. Nilitarajia anifukuze kazi, na nusu ya moyo wangu ilitamani anifukuze.

Akavua koti. Akaketi. Akachukua daftari.

"Mgomba ulikuwa na urefu gani?" akauliza.

Nikamwambia.

"Na kichwa kilielekea wapi? Na tundu la ukuta, ni la upande wa jikoni au upande wa kulala?"

Aliandika mpaka wino ukamwishia, akaniomba kalamu yangu. Uso wake uling'aa kama wa mtoto. Alishusha vitabu viwili kabatini akanionyesha kwamba Wayunani nao walikuwa na jambo karibu sawa na hilo, mtu aliyefanyiwa matanga akirudi huoshwa na kuvikwa nguo za kitoto kama aliyezaliwa upya. Alisema hiyo ndiyo aliyokuwa akiisema siku zote, kwamba masimulizi si mapambo, ni ngazi ya kutokea shimoni. Nilimwuliza kuhusu kaka yangu. Akasita. Ni kweli uso ulimwanguka kidogo. Kisha akasema: "Basi mpeleke nyumbani. Bado hujachelewa, sivyo?" Na akarudi kwenye daftari.

Niliandika barua kwa mama siku hiyo hiyo. Niliandika nyingine kwa mchungaji, kwamba jina langu aliondoe kwenye orodha. Ya pili ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Inashangaza jinsi kitu ulichokilinda kwa mkono wa chuma kinavyoweza kuwa chepesi ukikiachilia. Likizo nikapewa. Jumapili nikaenda Woodley karibu nikikimbia.

Kaka yangu alikuwa akikata ua wa miti ya kayaba mbele ya nyumba. Alikuwa amenenepa. Alinipa mkono. Nikamwambia nimekuja kumchukua, Ijumaa tunapanda gari moshi, wazee wameshapata habari, nitafukua kwa mikono yangu mwenyewe na nitamwita kwa jina mbele ya watu wote. Nilisema hayo kwa haraka huku machozi yakinitoka.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mkasi wa bustani mkononi.

"Kufukua nini?"

"Mgomba, kaka."

"Hakuna aliyezikwa. Si ni wewe uliniambia?"

"Niliongopa. Nilikuwa naona haya."

Akatikisa kichwa pole pole. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo sijaweza kulimeza mpaka leo.

"Hapana. Hukuongopa. Wewe na daktari mmesoma. Mimi nilishika mkono, nikasikia damu. Ni kweli iko. Sasa nikienda kule, watu wazima watoboe ukuta, wanitie uji mdomoni, mimi nitakuwa nacheka ndani ya roho. Hiyo kitu inataka mtu aliyekufa, ndugu yangu. Mimi si mmoja wao."

"Mama anakungoja."

"Mama anangoja maiti wake. Huyo nilikuwa nimemtunza vizuri, miaka mitatu, nikijua siku moja utapata nafasi. Wakati ule nilikuwa na kwetu. Niko nje ya ua, ndiyo, lakini ni ua wa kwetu. Sasa mimi ni mzima, niko Woodley tu."

Nilipiga magoti pale kwenye nyasi, mtu mzima na tai yake, nikamshika miguu. Nilimwita jina lake mara tatu, palepale, kama inavyotakiwa, maana sikujua lingine la kufanya. Alinitazama kwa huruma. Aliitika, tena vizuri, kama mtu yeyote anavyoitika akiitwa, na kuitika kwake hakukuwa na maana yoyote. Akaniinua, akanipangusa majani magotini, akauliza watoto hawajambo. Nikamwambia hawajambo. Akasema niwasalimie, akarudi kwenye ua wake.

Mwenye nyumba alikuwa ametoka barazani na kikombe cha chai. Aliniita nije karibu, anatabasamu.

"Ndugu yako sasa iko mzuri sana," akasema kwa Kiswahili chake cha Kizungu. "Hapana sema ile maneno mbaya tena. Nafanya kazi, nakula, nalala. Wewe napenda, eh? Yeye napona kabisa?"

Nilimtazama kaka yangu akikata, akirudi nyuma hatua moja kuona kama amenyoosha, akikata tena.

"Ndiyo, memsahib," nikasema. "Amepona kabisa."